Isale la Langoni

Ng'ombe ndiye aliyetangulia kusikia. Aliacha kutafuna, akainua kichwa kutoka kwenye majani ya migomba na kutazama kihambani, kwenye shamba la nyumbani, masikio yamemsimama. Yuditha, aliyekuwa amechuchumaa na ndoo ya maziwa kati ya magoti, akaacha kukamua. Alijua kinachofuata, na mwili ulikuwa umeshaanza kumsisimka.

Kikohozi kikaja. Kikavu, kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kutamka jambo zito. Kilitoka kwenye migomba, ng'ambo ya mfereji, pale lilipo kaburi la baba yake.

"Umesikia?" mama yake, Elisifa, aliuliza kutoka barazani.

"Ni mtu anapita njia ya juu, mama."

"Njia ya juu haina mtu. Macho yangu ndiyo yaliyokufa, masikio bado. Tangu mvua zianze baba yako anakohoa na hasemi. Ana jambo huyo."

Yuditha hakubisha, maana yeye mwenyewe hakuamini alichokisema. Mzee Anaeli alikuwa amelala kihambani mwake miaka mingi sasa, kama wazee wote wa ukoo wao hapo Marangu. Enzi za uhai wake hakusema neno bila kukohoa kwanza. Na ubishi wowote uliomshinda aliufunga kwa neno moja tu, "Haya," kisha akaondoka. Ukishaisikia ile haya, shauri limekwisha na hakuna wa kulifufua.

"Na yule wako anakuja leo?" mama aliuliza.

"Anakuja."

"Basi ndiyo maana."

Yule wake alikuwa Leodegar Tesha wa Kilema. Na nani nchi hii asiyemjua Leodegar Tesha? Alianza na maigizo ya misheni, akiwa mchungaji wa kondoo asiye na hata sentensi moja ya kusema. Likaja kundi la sanaa mjini Moshi, kisha Dar es Salaam, majukwaa, michezo ya redio, filamu, na mwishoni zile tamthilia za jioni zinazounguza maharage ya watu jikoni. Amekuwa mkuu wa wilaya, mganga, padri na jambazi. Amekuwa maiti mara nyingi kuliko mwigizaji yeyote, tena maiti ya kuliliwa kwelikweli. Mtaani watoto walimwita Mzee Kisiki, jina la yule baba mkali wa kwenye tamthilia, na yeye aliitika bila kinyongo.

Lakini sauti iliyompa jina haikuwa yake. Alipewa na Yuditha.

Walikuwa vijana wakati huo, wote wawili wa kundi moja la sanaa, na Yuditha alikuwa hodari wa kuiga watu. Mazoezi yakiisha alimchekesha Leodegar kwa kumwigiza baba yake: kile kikohozi, yale maneno ya kuburuta, ile haya ya mwisho. Leodegar akacheka mpaka akakaa chini. Akamwomba arudie, na akarudia tena. Hakumwambia kwamba alikuwa anajifunza. Ikafika siku ya onyesho, na Mzee Anaeli, aliyealikwa kumtazama kijana anayetaka kumwoa binti yake, akakaa safu ya mbele amevaa koti lake la kanisani. Akajiona jukwaani. Akajisikia akikohoa. Kisha akajiona anakufa, analazwa kitandani na kufunikwa blanketi, wanawake wanamlilia na ukumbi mzima unavunjika mbavu kwa kicheko.

Siku ya pili yake Leodegar alikuja hapa langoni na jani la isale mkononi. Kila Mchaga analijua jani hilo. Anayekuja nalo kuomba radhi hafukuzwi, hata awe amemwaga damu. Mzee Anaeli alilipokea, akalitazama, akalitupa kwenye tope.

"Wewe ni Mkatoliki, sisi Walutheri, na kazi yako ni kudanganya watu," alisema. "Hayo ningeyameza kwa ajili ya binti yangu. Lakini umenizika nikiwa hai, ukawachekesha watu msibani kwangu. Sauti yangu uliyoichukua utairudisha."

Yuditha alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia kila neno, akangoja Leodegar aseme ni nani aliyempa ile sauti. Leodegar hakusema. Na yeye akanyamaza, akabaki amenyamaza hata siku ile mpenzi wake alipopanda basi la Dar es Salaam akitazama dirishani mpaka kona ikammeza.

Lile isale halikufa. Lilikuwa na kipande cha shina, likaota pale pale lilipotupwa, katikati ya njia, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake angepanda kitu. Mzee Anaeli alilifyeka kwa panga, likachipua. Akaling'oa, likachipua. Mwishowe akawa analizunguka, na wageni wote nao wakazoea kulizunguka.

Wachumba wengine walikuja, wakanywa mbege, wakaaga. Yuditha alifundisha chekechea, akauguza wazazi, akamwona Leodegar akizeeka kwenye televisheni. Baada ya baba kuzikwa, jioni moja Mzee Kisiki alikohoa kwenye televisheni, na mama yake, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kumtupa, akaangusha kijiko cha mtori. Tangu siku hiyo hakukosa tamthilia ile hata mara moja. Alikaa ameinamisha kichwa, akisikiliza. Yuditha hakumuuliza anachosikiliza na mama hakumwambia.

Kisha Mzee Kisiki akauawa kwenye tamthilia. Watu walinung'unika, hawakujua kwamba Leodegar yuko kitandani na madaktari wamelikata koo lake kuuondoa uvimbe, na sauti wameiondoa pamoja nao. Alirudi Kilema na mnong'ono tu. Mwezi ule ule, kikohozi kikaanza kihambani.

Yuditha alikutana naye sokoni Marangu Mtoni. Watoto walikuwa wamemzunguka, "Mzee Kisiki, kohoa basi," naye akitabasamu na kutikisa kichwa. Alipomwona Yuditha akafungua mdomo, na jina lake likatoka hewa tupu. Yuditha alilia palepale mbele ya wauza ndizi, mtu mzima wa heshima zake. Tangu hapo walionana kila walipoweza. Leodegar alikuwa amefiwa na mke, watoto wake wakubwa. Jumamosi hii binti yake, Grace, alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye Mwanza. Labda kuwe na sababu ya kubaki. Sababu hiyo ilikuwa na ndoo ya maziwa mkononi, na mama asiyeona ambaye haiwezekani kumwacha.

Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye paa Yuditha alipokwenda langoni. Mbwa alikuwa amejikunja chini ya ghala la kahawa, hakutaka kutoka. Ng'ambo ya lango alisimama mtu mrefu wa koti la kijivu, shali shingoni, ndevu nyeupe zimelowa. Walitazamana. Miaka yote ile, na macho yale yalikuwa bado yanajua njia ya kufika moyoni mwake bila kuuliza.

"Umesimama hapa muda gani?"

"Tangu ukungu ushuke," alinong'ona. "Siwezi kupiga hodi, Yudi."

"Ungelitikisa lango."

"Niliogopa atatoka yeye."

Yuditha alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Na wewe umemsikia?"

"Nimemsikia." Leodegar aligusa shali. "Kwa muda nilidhani ni mimi."

Mkononi alikuwa na jani la isale, kijani kibichi, limekatwa sasa hivi. Akaonyesha kwa kidole kichaka kilichokuwa katikati ya njia. Lilikuwa lile lile.

Barazani mama alikuwa ameshajitengeneza, kitenge kimefungwa vizuri, mikono juu ya mapaja. Leodegar akainama mbele yake. Mnong'ono wake ukapotea kwenye matone ya ukungu yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Amekuamkia, mama," Yuditha alisema.

"Marahaba. Sogea, mbe," mama alisema, akimwita kwa heshima ya Kichaga.

Leodegar akasogea. Vidole vya mama vikampanda usoni, vikashuka ndevuni, vikaifungua shali bila kuomba ruhusa. Vikalikuta kovu.

"Hapa ndipo walipokata?"

Leodegar aliitikia kwa kichwa chini ya mkono wake.

"Na sauti ya mume wangu ikaenda nayo," mama alisema. "Sikupendi, Leodegar. Nilikuchukia sana. Halafu akafa, ikawa hakuna mahali pengine pa kumsikia ila kwako. Nikawa nakungoja jioni kama msichana. Wewe ulimzika wa kwanza, sisi tukamzika wa pili, kisha ukamzika tena kwenye televisheni. Mimi nimekuwa mjane mara ngapi kwa ajili yako?"

Leodegar alipiga magoti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili mpaka likagusa magoti ya mama. Mama alilihisi, akairudisha mikono yake nyuma.

"Hili silipokei."

"Mama," Yuditha alisema.

"Moyo wangu umeshalainika, usinitazame hivyo. Lakini aliyelitupa ni yeye. Mkono wangu hauwezi kupita juu ya mkono wake. Aende kaburini aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, nisikie. Baba yako akikubali, nitakubali. Akikataa, huyu aende Mwanza na wewe ukae na mimi."

"Atakubalije mtu aliye kaburini?"

"Anakohoa kila siku. Neno litamshinda?"

"Na huyu atasemaje? Hana sauti, mama, umemgusa mwenyewe. Nimsemee mimi."

"Si wewe uliyekosa," mama alisema, na Yuditha akainamisha uso, ingawa mama asingeweza kuuona. "Aliyekosa ndiye anayesema. Ndivyo ilivyo, hatukuitunga sisi."

"Mimi nimechoka," Yuditha alisema. "Nimengoja ruhusa ya baba akiwa hai, sasa naingoja akiwa amekufa. Nampenda mtu huyu. Nilimpenda nikiwa msichana na nampenda sasa akiwa na mvi. Kuna ubaya gani katika hilo?"

"Hakuna ubaya. Nenda mkamwambie na yeye."

Wakaenda. Waliruka mfereji, Leodegar mbele, Yuditha nyuma yake. Ndani ya kihamba ukungu ulikuwa mzito, migomba ikawa inajitokeza mmoja mmoja na kupotea. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Maji ya mfereji, ambayo siku zote yalisikika mpaka chumbani kwake, yalikuwa yamenyamaza ingawa aliyaona yakipita.

Kaburi lilikuwa na saruji na msalaba, na masale yamelizunguka. Leodegar akapiga magoti, akaliweka jani juu, akasema. Yuditha aliona shingo ikikaza na mishipa ikijaa. Kilichotoka hata yeye aliyekuwa karibu alikisikia kwa shida.

"Sijasikia kitu," mama aliita kutoka barazani. Ndani ya ukungu sauti yake ilikuwa kama imesimama nyuma yao.

Leodegar akainuka na jani lake. Akavua shali, akaitundika kwenye mgomba, akafumba macho kidogo kama alivyofanya siku zote kabla ya pazia kufunguliwa. Kisha akaanza kuigiza, maana ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Alikuwa kijana mwenye jani, anatembea kwa woga, anapiga hodi isiyosikika. Akageuka, mgongo ukapinda, mkono mmoja ukaenda kiunoni, mwingine ukagonga shina la mgomba kwa namna ile ile Mzee Anaeli alivyokuwa akigonga kila mgomba aliokuwa akipita. Yuditha akarudi nyuma. Yule aliyekuwa mbele yake hakuwa Leodegar. Bega lilikuwa la baba, kidevu cha baba, na hasira ile ile. Mzee akalipokea jani. Akalitazama. Koo likajiandaa kukohoa.

Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Akajaribu mpaka machozi yakamtoka, kisha baba akaondoka usoni mwake na akabaki mzee wa koti la kijivu, amechoka, jani bado vidoleni.

"Nimecheza watu wote, Yudi," alinong'ona. "Huyu amekataa kurudi."

Akalilaza jani kwenye saruji, akaanza kuitafuta shali yake. Alikuwa anaondoka. Yuditha aliona mgongo ule, na mara ya mwisho alipouona ulikuwa unapanda basi, naye alikuwa nyuma ya mlango, mdomo umefungwa. Hakuweza kuuona tena ukienda.

Akageuza uso kwenye migomba. Akakohoa, kikavu, kifupi.

"Mgeni amesimama nje muda mrefu," alisema. "Mpeni kiti."

Sauti ilimtoka nzito, ya kuburuta, ikamuumiza kifua. Alikuwa hajaitumia tangu usichana wake na haikupungua chochote. Leodegar aligeuka kumtazama, mkono uko kwenye shali. Kule barazani kimya. Yuditha alikuwa amemdanganya mama yake asiyeona, juu ya kaburi la baba yake, kwa kosa lile lile. Akataka kusema, mama ni mimi.

Majani yakasogea ng'ambo ya kaburi, upande usio na njia. Mgomba ukagongwa, kisha mwingine, karibu zaidi. Kikohozi kikaja.

"Haya."

Hakuna aliyesogea. Baadaye maji ya mfereji yakaanza kusikika tena. Leodegar alikuwa wa kwanza kumfikia mwenzake. Akaliokota jani, akamshika Yuditha mkono, wakatoka kihambani haraka bila kutazama nyuma, vidole vimeshikana kwa mara ya kwanza tangu ujana wao. Mkono wake ulikuwa baridi, lakini Yuditha hakutaka kuuachia kamwe.

Kwenye mfereji Yuditha alimsimamisha. "Umewezaje?"

"Nini?"

"Kumalizia. Ile haya."

Leodegar alimtazama, akaishusha shali kwenye kovu. "Nilitaka kudhani ni wewe."

"Mimi nilikuwa nimefunga mdomo."

"Nilikuona," alinong'ona. "Nilikuwa nakutazama wewe tu."

Mama alikuwa amesimama barazani, amejishikiza kwenye nguzo, mashavu yamelowa. Mikono miwili ilikuwa imenyooshwa mbele tayari. Leodegar akapiga magoti na kuliweka jani juu yake, na safari hii mikono haikurudi. Mama alilikunja taratibu, akalichomeka kwenye kitenge chake upande wa moyo.

"Mlete ndani. Mpe kiti cha baba yako."

Kiti kile kilikuwa kimeegemezwa ukutani, hakuna aliyekikalia tangu msiba. Yuditha akakifuta kwa kanga, Leodegar akakaa ukingoni, magoti pamoja, kama mchumba wa mara ya kwanza. Na kwa kweli ndivyo alivyokuwa. Yuditha alimtazama ndani ya nyumba ile ambayo hakuwahi kuruhusiwa kuingia, akafurahi, lakini uongo wake ukawa haumwachi.

"Mama, ile sauti..."

"Ya kwanza ilikuwa yako," mama alisema.

Yuditha akaishusha kanga.

"Wewe nimekuzaa mimi, nitashindwaje kuijua pumzi yako? Ulikuwa unamkohoa baba yako jikoni, unadhani nimelala, nami nimejifunika blanketi nacheka. Siku aliporudi kutoka Moshi na hasira zake nilijua aliyempa kijana kikohozi kile. Nikaogopa kusema. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme. Mkanyamaza wote, na mimi nikanyamaza, mzigo akaubeba huyu peke yake." Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Leodegar. "Ungesema ni binti. Kwa nini hukusema?"

Leodegar akamwinamia sikioni. Yuditha hakusikia alichonong'ona, lakini aliona uso wa mama yake ukilegea, na miaka mingi ikimtoka usoni.

"Anasema baba yako asingemsamehe mtu wa pili," mama alisema. "Huyu alimjua mume wangu."

"Kwa hiyo nilipoisema ile ya kiti..."

"Ulipoisema ile ya kiti nilikuwa bado nakataa. Nilikuwa nimeshajiandaa kuwakatalia." Akaugeuza uso wake kwenye mlango uliokuwa wazi, ambako ukungu ulikuwa unaingia taratibu. "Mimi nilikuwa namngoja huyo wa pili."

Zizini ng'ombe akaanza tena kutafuna. Mbwa alitoka chini ya ghala, akaja mpaka kizingitini, akasimama pale akitikisa mkia, macho kwenye kona ya chumba ambako hakukuwa na mtu.

"Chemsha maziwa, mwanangu, tunywe chai," mama alisema. "Ulete vikombe vinne."

Yuditha hakuuliza. Akaenda jikoni, akaleta vinne.